Kabla ya Kuhesabu Magari, Pimeni Mlango wa Bafu

Bango la kuomba kibali likisimamishwa kwenye ploti, nalo likitaja nyumba za wazee, mtaa mzima huamka. Barua za pingamizi zinazofika kaunti ni zile zile: magari yatajaa barabarani, ving'ora vya ambulensi vitatunyima usingizi, bei ya viwanja itashuka. Wengine huandika kwamba mzee wa Kiafrika halelewi na wageni. Katika rundo lote hilo ni nadra kukuta barua moja inayouliza mzee mwenyewe ataingiaje chooni, na hilo linauma.

Suala la magari lina uzito, sikatai. La maji taka lina uzito zaidi pale ambapo hakuna bomba la kaunti na majirani wanakunywa maji ya visima. Yaulizwe yote mawili. Ila yanakula muda wote wa kikao, na ramani inapitishwa bila mtu kufungua kurasa za ndani.

Anzeni mlangoni. Sakafu ikiinuliwa milimita 450 kutoka ardhini ili mafuriko yasiingie, njia ya kiti cha magurudumu inahitaji mteremko wa 1 kwa 12 (kila mita 1 ya kimo, mita 12 za urefu), yaani mita 5.4. Ongeza mita 1.5 tambarare chini na mita 1.5 juu, ni mita 8.4. Sasa tazama ramani: mara nyingi imechorwa njia ya mita 2 iliyobanwa kati ya ngazi na maegesho. Hiyo ni karibu 1 kwa 4. Kijana mwenye nguvu hawezi kumsukuma mama yake hapo bila kiti kurudi nyuma, na akishuka naye, kiti kinaweza kupinduka kifudifudi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Kubebwa mzobemzobe kila anapotoka kuota jua si heshima. Mita hizo 8.4 zipo, zikikunjwa mara mbili kando ya ukuta, mradi zitengwe kabla maegesho hayajagawanywa.

Halafu bafu. Fundi amezoea kujenga kizingiti ili maji yasitoke nje. Kwa ajuza anayetembelea fremu, kizingiti hicho ndicho kinachomvunja nyonga: ananyanyua mguu, stima imepotea, anashika bomba la taulo, bomba linang'oka na plasta kwa sababu lilifungwa kwa skrubu fupi kwenye bloku zenye matundu. Anaangukia mlango, na mlango unafunguka kwa ndani. Walio nje hawawezi kuusukuma kwa sababu yeye ndiye aliyeuziba.

Dawa yake ni ya kwenye karatasi. Sakafu ya bafu iinamie kwenye tundu la maji, kizingiti kiondolewe. Mlango ufunguke kwa nje, na uache nafasi wazi ya milimita 900. Milango ya bafu ya milimita 700 iliyozoeleka haipitishi kiti pamoja na mikono inayozungusha magurudumu. Ndani ibaki duara tupu la mita 1.5 la kugeuzia kiti. Kando ya choo, bloku zijazwe zege kabla ya vigae, ndipo bomba la kushikia likazwe. Kwenye ramani haya ni mistari michache na saa chache za msanifu. Vigae vikishabandikwa, ni kubomoa.

Lifti nayo itazamwe vipimo: ya mita 1.1 kwa 1.4 haiingizi machela iliyolazwa. Ya mita 1.1 kwa 2.1 inaingiza.

Kwa hiyo, jirani mpendwa, nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukaombe kuona michoro, na usiishie kwenye picha nzuri ya mbele. Omba mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, utafute namba za kimo cha sakafu na cha ardhi, toa, zidisha kwa 12, kisha ulinganishe na urefu wa njia ya kiti uliochorwa. Barua yako itaje namba ya ploti na namba ya mchoro. Usiandike tu kwamba unapinga, andika sharti unalotaka liambatane na kibali, kwa mfano: «Milango yote ya bafu ifunguke kwa nje, nafasi wazi isipungue milimita 900.» Afisa anaweza kulinakili sharti la namna hiyo jinsi lilivyo.

Na fanya haraka. Chini ya sheria ya Kenya ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amepewa kibali. Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, na siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa.