U Street, Washington: Kula Tumekula, Ila Hela Inabaki kwa Nani?

Kila mgeni akitua huku kwetu Maryland kutoka Bongo ratiba ni ileile, White House kwa nje, picha kwa Lincoln, alafu madukani kutafuta viatu vya kupeleka nyumbani. Safari hii mjomba wangu wa Tanga kaja nikamwambia leo nakupeleka U Street. Jamaa mmoja, Mbongo mwenzetu kakaa huku miaka ishirini, akadakia "mtaa wa weusi ule, unampeleka mzee wa watu akaibiwe?" Mi nikabaki namwangalia tu, maana anayesema hivyo ni mweusi tii kunishinda.

Kwa asiyeujua, U Street ilikuwa mji wa watu weusi ndani ya mji wa wazungu. Enzi za ubaguzi hukuruhusiwa kulala wala kula katikati ya jiji, basi wakajijengea vya kwao, Howard Theatre mwaka 1910, hoteli ya Whitelaw 1919, benki yao wenyewe, na mwanamuziki wa jazz Duke Ellington kakulia vichochoro vya hukohuko. Alafu Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, vurugu zikaanzia pale kona ya 14th na U, maduka yakaungua, na mtaa ukalala miaka na miaka. Miaka ya 80 mwishoni wakaja kuuchimba kupitisha treni ya chini ya ardhi, stesheni ikafunguliwa 1991, na kuanzia hapo bei ya kila kitu ikashika ngazi.

Katika yote hayo kuna mgahawa mmoja haujahama, Ben's Chili Bowl. Umefunguliwa 1958 na Ben Ali, Mtrinidadi aliyesoma Howard, chuo kikuu cha weusi cha jirani hapo, na mkewe Virginia. Usiku wa vurugu, jiji zima marufuku kutoka, wao waliruhusiwa kubaki wazi, wanalisha polisi na waandamanaji humohumo, na aliyewaombea ni Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za weusi, yuleyule aliyekuja Dar mwaka 1967 na baadae akajiita Kwame Ture. Obama kala hapo Januari 2009 siku kumi kabla ya kuapishwa. Chakula chao maarufu ni hafu-smoku, soseji nene ya moshi nusu nguruwe nusu ng'ombe, wanaimwagia haradali, vitunguu na mchuzi mzito wa nyama wenye pilipili. Mjomba kusikia nguruwe akarudisha kiti nyuma. Nikamwambia tulia mzee, hata Ben mwenyewe alikuwa Mwislamu na maisha yake yote hakuionja, agiza ya bata mzinga.

Sasa hoja. Wapo wanaosema utalii wa hivi ndio dawa, mgeni akila pale hela inaingia kwa familia ya pale, kijana wa pale anapata kazi, na historia inabaki na mtu wa kuisimulia. Mi naikubali hii. Nenda Florida Avenue Grill, ipo tangu 1944, uletewe zile mboga zao za majani ni sukuma wiki mtupu, kunde zipo, bamia wanazijua, na uji mzito wa mahindi, utaelewa kitu ambacho hakuna jumba la makumbusho litakueleza vizuri hivyo. Hawa watu walichukuliwa utumwani kutoka Afrika na njia ya kupika wakaondoka nayo. (Ila uliza kwanza, mboga mara nyingi huchemshwa na kipande cha nguruwe.)

Upande wa pili nao hauna utani. Mwaka 1970 weusi walikuwa asilimia 71 ya wakazi wa Washington, sensa ya 2020 imewakuta kwenye 41 hivi. Ukitembea U Street leo jengo la apatimenti linaitwa The Ellington, lingine kona ya 14th na V linaitwa Langston Lofts, la Langston Hughes mshairi, yani majina ya marehemu yamepewa vyumba ambavyo wajukuu wa mtaa hawawezi kulipia pango. Mtaa unauzwa kwa sifa ya watu waliosukumwa nje. Na anayehamia hapo kwa kuvutiwa na hiyo sifa, akishafika kelele zinamkera! 2019 duka moja la simu kona ya 7th na Florida Avenue, lililokuwa linapiga nje tangu 1995 muziki wa go-go, ule wa weusi uliozaliwa hapohapo Washington, lilizimishwa spika baada ya mkazi mpya kulalamika. Watu wakajaa barabarani kucheza mpaka ukarudishwa, na mwaka uliofuata jiji likatunga sheria kuwa go-go ndio muziki wake rasmi. Na 2019 hiyohiyo wakazi wapya walikuwa wanatembeza mbwa katikati ya uwanja wa chuo cha Howard, wanafunzi walipolalamika mkazi mmoja akasema basi chuo ndio kihame.

Kwa hiyo mgeni anayekula ndio mkosaji? Sidhani. Mtalii anakaa masaa matatu anaondoka, hapandishi pango la mtu. Anayeamua nani abaki ni mwenye jengo. Mgahawa wenye jengo lake ukijaa wageni unaneemeka, wa kupanga ukijaa wageni unapandishiwa kodi, mteja ni yuleyule. Ndio maana mi naona swali la kumuuliza mtembezaji wako siyo Obama alikaa meza gani, ni hapa mwenye nyumba nani.

Na sisi Waafrika tuliokuja juzi tusijitoe. Mwaka 2005 wafanyabiashara wa Kihabeshi walitaka kipande cha 9th Street kiitwe Little Ethiopia, baadhi ya wenyeji weusi wakakataa, wakasema hapa pana historia yetu, subirini. Wahabeshi nao walikuwa na haki yao, wao ndio waliofungua milango pale wakati wengine wanapaogopa. Mi hili nimelipindua sana kichwani na bado naona wote wako sawa, ila yule Mbongo wangu wa "utaibiwa" hayupo upande wowote, yeye hata injera, ule mkate wa Kihabeshi, ya pale hajala.

Tulimalizia kwenye mnara wa askari weusi wa vita ya kukomesha utumwa, mbele ya stesheni, ukutani kuna majina 209,145. Mjomba akavaa miwani akaanza kusoma mojamoja kwa sauti ya chini, nikamwambia mzee hayaishi hayo, akanijibu we nenda kanunue kahawa, utanikuta hapahapa.