"Ungependa Watoto Wangapi?": Swali la Dodoso na Uzito wa Majibu Yake

Mwanamke aliyekwisha kuzaa, anapofikiwa na mdadisi wa utafiti wa afya ya uzazi, huulizwa swali ambalo kwa maneno mepesi ni hili: kama ungeweza kurudi hadi wakati ambao hukuwa na mtoto hata mmoja, ukachagua idadi kamili ya watoto wa kuzaa maishani mwako, ungechagua wangapi? Mdadisi ameshika kishikwambi chenye nafasi ya kujaza tarakimu. Mama ana mtoto mgongoni na sufuria jikoni, na pengine mama mkwe amekaa hatua chache kutoka hapo akichambua mchele. Akisema "wanne", inaandikwa nne. Akisema "hayo anayajua Mungu", dodoso linamwagiza mdadisi aendelee kudadisi ili apate tarakimu, na ikishindikana kabisa jibu lile hupewa nafasi ya pembeni, ambayo haiingii katika wastani wa idadi ya watoto wanaotakiwa.

Majibu ya maswali ya aina hii si mambo ya makabrasha tu. Ndiyo yanayotumika kukadiria uzazi uliotakiwa na ule ambao haukutakiwa, na ndiyo yanayosaidia kuhesabu wanawake wasiotaka kuzaa kwa sasa lakini hawatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango. Kutokana na hesabu hizo hupangwa bajeti, huagizwa vijiti na sindano, na viongozi hupata hoja za kuwahimiza watu wazae kidogo au wazae zaidi. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama jibu la mama yule linaweza kubeba mzigo wote huo.

Wanaoyaamini majibu haya wana ushahidi mzito, na mahali pa kuutazama ni Kenya. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977–78 ulikuta mwanamke wa Kenya akikadiriwa kuzaa watoto wapatao 8, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na idadi waliyoitaja wanawake kuwa inafaa ilikuwa zaidi ya 6. Kufikia mwaka 1984 idadi hiyo ilikuwa 5.8, na mwaka 1989 ikashuka hadi 4.4. Uzazi wenyewe ulifuata nyuma: 6.7 katika utafiti wa mwaka 1989, kisha 4.7 mwaka 1998. Kwa maneno mengine, wanawake walisema kwanza, kisha matumbo yao yakafuata kauli zao. Hata uzazi ulipogoma kushuka, ukaonekana 4.9 katika utafiti wa mwaka 2003, majibu kuhusu nia yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba hamu ya kukoma kuzaa imeacha kuongezeka. Mtu anayedai kwamba maswali haya hayana maana yoyote hana budi kuieleza historia hii, na sijaona maelezo yanayotosha.

Hata hivyo wakosoaji nao hawasemi ovyo. Mwaka 1992 mwanademografia Etienne van de Walle alitoa hoja kwamba uzazi haupungui sana katika jamii kabla watu hawajazoea kuwaza idadi ya watoto kama kitu cha kuchagua. Penye mazoea hayo tarakimu ni jibu, na pasipokuwa nayo ni kitu kilichoombwa kikatolewa. Msomaji aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa sana. Bibi yangu alipoulizwa watoto wake hakutaja idadi. Alitaja majina, kuanzia kifungua mimba, na waliofariki akawataja kwa mpangilio uleule, kwa sababu kuwahesabu watoto kama mbuzi kulimchukiza. Kumkatalia mtu wa namna hiyo jibu lake mpaka ataje namba ni kumfundisha kuwaza vingine, kisha tukaandika tulichomfundisha kana kwamba tumekikuta.

Kuna na ugumu wa pili, ambao ni wa wakati. Mama mwenye watoto sita ataona vigumu kusema alitaka watatu, maana ni kama kuwakana watatu wengine mbele ya mgeni. Na kwa vijana nia yenyewe husogea. Katika eneo la Balaka nchini Malawi, mradi wa Tsogolo la Thanzi ulioanza mwaka 2009 uliwahoji wasichana wa miaka 15 hadi 25 kila baada ya miezi minne badala ya kila baada ya miaka mitano, ukakuta majibu yakibadilika mara kwa mara kufuatana na mambo kama ndoa, uhusiano uliovunjika au afya ya mhojiwa. Mimi silioni badiliko hilo kuwa udhaifu wa wahojiwa. Msichana asiyejua mwakani atakuwa ameolewa na nani anajibu kwa busara anapobadilisha jibu. Kosa ni letu tunapolichukua jibu la siku moja kuwa mpango wa maisha.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kati ya mume na mke. Tafiti hizi humhoji kila mmoja peke yake, tena wanaume ni wachache: katika utafiti wa Tanzania wa mwaka 2022 walihojiwa wanawake zaidi ya 15,000 lakini wanaume chini ya 6,000. Lakini mtoto huamuliwa na wawili, au na mmoja kwa niaba ya wawili. Jijini Lusaka, watafiti waliwagawia wanawake walioolewa vocha za kupata njia za uzazi wa mpango bila kungoja foleni, wengine wakipewa faraghani na wengine mbele ya waume zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa mbele ya waume walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kwenda kutafuta huduma. Vocha ilikuwa ileile, na wanawake walikuwa wa mji uleule. Kilichotofautisha ni nani alikuwa anatazama, na hilo dodoso halina pa kuliandika.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa maswali ya nafasi ya mke na mume. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake, dhidi ya asilimia 40 ya wanaume, wakikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kumuaga. Wapo waliozisoma namba hizi wakahitimisha kwamba wanawake wenyewe wanapenda kupigwa, na usomaji huo unaniuma. Aliyekulia katika sheria fulani ndiye huijua zaidi, na kuitaja sheria inayokubana si kuipenda.

Mwezi Februari 2025 Marekani ilikata fedha za mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia tafiti hizi tangu mwaka 1984. Wapo walioona hiyo ni nafuu, kwamba tumepumzishwa maswali ya wageni. Siwaungi mkono. Bila tafiti hizi tusingejua kwamba nyuma ya wastani wa Kenya wa 3.4 mwaka 2022 kulikuwa na Nairobi yenye 2.5 na Mandera yenye 7.7, wala kwamba uzazi Tanzania ulishuka kutoka 5.2 hadi 4.8 kati ya tafiti za 2015–16 na 2022. Lakini ikiwa ofisi zetu za takwimu zitalazimika kuyabeba maswali haya zenyewe, basi zipate na uhuru wa kuyarekebisha. Ningeanza na jambo dogo lisilo na gharama kubwa: mdadisi aandike jibu la kwanza kama lilivyotamkwa, kabla ya kudadisi, kisha aandike na tarakimu iliyopatikana baadaye, na ripoti ichapishe yote mawili katika jedwali moja, mkoa kwa mkoa.