Mtori Unanywewa

Sasa hivi ninavyozungumza nina funda moja la maji limesimama kifuani kama lori la Tunduma linalosubiri kibali. Halipandi, halishuki. Kosa langu ni moja: nilisahau, nikanywa kama mtu mzima. Mtu wa siku ya 12 tangu akatwe mfuko wa chakula anatakiwa kunywa kama kuku: donoa, inua kichwa, tazama mbingu, subiri. Mimi nilikuwa na kiu, jua la Tabata mnalijua, nikavuta mafunda mawili mfululizo. Nimeshika ukuta.

Na kabla hamjauliza: hapana, si puto. Mtaa mzima unasema nimewekwa puto la tumboni la kupunguza unene. Puto linapitishwa mdomoni, linakaa miezi yake, linatolewa. Mimi nimekatwa. Robo tatu ya mfuko imeondoka na hairudi, kilichobaki kina umbo la ndizi. Nilikuwa na kilo 141, sukari, presha, na magoti yanayolia kama bawaba za geti, kwa hiyo anayetaka kuniambia "ungefanya mazoezi tu" aje na magoti yake tubadilishane.

Maji napimiwa kwa kikombe cha dawa ya mtoto, mililita 30. Vikombe 50 ndiyo lita moja na nusu ya siku. Piga hesabu mwenyewe: kila dakika 20 tangu macho yafunguke mpaka yafungwe. Bosi alipopiga simu kuuliza nitarudi lini kazini nilimwambia nipo kazini.

Halafu bega. Wamepitisha vyuma kwenye matundu matano madogo ya tumbo, linalouma ni bega! Kumbe hupulizia gesi tumboni ili kamera ione njia, na inayobaki inachokoza kile kiwambo cha chini ya mapafu, nacho kinapeleka mashtaka begani. Mke wangu aliuliza kama walinipasua au walinibebesha magunia ya mkaa. Tiba yake ni kutembea. Yule kijana wa duka la dawa alitaka kunipa vile vidonge vya maumivu tulivyozoea wote, diklofenaki na ndugu zake, ambavyo daktari amevipiga marufuku kwa sababu vinachubua mfuko. Bodaboda wangu amefurahi, anasema karibuni atanipakia na abiria mwingine.

Lakini hayo yote ni vumbi. Juzi alikuja mama mkwe kutoka Moshi.

Alishuka kwenye basi na chane za ndizi mshare, nyama, na msimamo. Kwao mzazi akijifungua hupikiwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Sasa yeye amesikia mkwewe kapasuliwa tumbo, kalala hospitali siku tatu, anatembea ameshika kiuno, hali chakula, wageni wanamiminika. Akajijumlishia mwenyewe. Hata khanga alileta, doti nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole kwa uzazi... pole kwa upasuaji."

Aliteleza. Nilisikia, nikanyamaza, maana mkwe ni mkwe. Jioni hotpoti ikafunguliwa, harufu ikajaa sebule.

"Mama, daktari ameniruhusu vitu vya kunywa tu."

"Kwani mtori unatafunwa?"

Hapo Kiswahili chenyewe kikanisaliti. Mtori unanywewa. Supu inanywewa, hata yenye kongoro la kushika kwa mikono miwili. Asubuhi mtu anakwambia amekunywa chai, humo ndani mna chapati tatu na mihogo. Vidonge vikavu kama kokoto, navyo tunasema tumekunywa dawa. Daktari alipoandika "vitu vya kunywa" hakujua anaandikia nchi gani.

Nikajaribu sayansi. Mama, mtori ni mzito, mimi bado nipo kwenye supu ya kuchuja na maziwa, vya kupondwa ni wiki ya tatu. Tumbo likachagua dakika ileile kunguruma. Siku hizi linanguruma lenyewe kama jenereta la saluni. Nikaeleza kwamba hiyo si njaa, homoni ya njaa kwa sehemu kubwa ilikuwa inatengenezwa kwenye kile kipande kilichokatwa. Mama akanitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mlevi.

"Baba Neema, tumbo halina uongo."

Utakataa vipi? Mtu kakaa kwenye basi tangu alfajiri na ndizi mapajani. Kijiko cha kwanza kilipita. Ndizi ikaingia ndani ya ndizi. Cha pili kikapiga hodi. Cha tatu kikakuta mlango umefungwa: pua ikaanza kutiririka, kwikwi zikaja, mate yakawa povu.

Nikainuka kwa heshima zote. Kumwachia mama mkwe meza ni utovu wa adabu, kutapika mbele yake ni msiba, nikachagua aibu ndogo, nikatoka uani kutembea. Mama nyuma yangu na bakuli. Mke wangu nyuma yake na ndoo. Wapangaji wawili waliokuwa wanafua wakafuata, kisha watoto wa jirani, ambao wakiona maandamano hawaulizi ya nini. Mama ananipigapiga mgongo: "Beua baba, beua!" Mzunguko wa tatu, karibu na tangi la maji, ikatoka. Upande gani, sisemi. Njiwa wa jirani waliruka. Mtoto mmoja akatangaza kwamba gari limepasuka tairi.

Miaka 11 ya ndoa sijawahi kukaa mbele ya yule mama kifungo cha shati kikiwa wazi. Watu wote wakatazama chini. Mama akachota kijiko.

"Haya. Nafasi imepatikana."

"Mama, siwezi!" Ilitoka kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuwa nayo. "Maji yenyewe siwezi! Saa 8 usiku nakaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha mtoto, koo limekauka, maji ninayo mkononi, hayapiti! Wote mnaniambia nitapungua, nitapendeza. Nani aliniambia maji yanauma?"

Aliweka bakuli juu ya tangi. Akaingia ndani, akarudi na khanga moja, akanifunga mabegani bila neno, tukaendelea kuzunguka, yeye na mimi. Ina joto zuri, sikatai. Hata sasa nimeivaa. Imeandikwa HONGERA MAMA.

Mtori waliumaliza watoto. Ila kinachoniumiza kichwa leo ni mchango wa harusi ya Jumamosi ijayo. Nililipa laki moja, kadi ya mtu mmoja, kabla sijakatwa. Mtu mmoja yupi? Nyama choma siruhusiwi, soda zina gesi siruhusiwi, keki ndiyo kabisa. Nimemwandikia mweka hazina kwa lugha ya staha kwamba, kwa kuwa robo tatu ya mlaji haitahudhuria, naomba nirejeshewe elfu 75. Amesoma tangu asubuhi. Anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha.

Ngoja, amejibu.

"Kaka pole sana, kamati inakaa leo saa 12 jioni, njoo tulizungumze. Usijali kuhusu tumbo, kutakuwa na supu."