Aliyeshika Usukani Hayuko Likizo

Watu wanaosifia likizo ya kuzunguka Ulaya Magharibi kwa gari, polepole, bila haraka na bila ratiba, nimewachunguza vya kutosha, na nimebaini kwamba wote walikaa kiti cha abiria. Dereva hasifii. Ukimwuliza habari za milima ya Alps atakueleza rangi ya lori lililokuwa mbele yake, na ukimwuliza habari za Ufaransa atakutajia tozo za barabara. Nayasema haya nikiwa na haki zote, kwa kuwa katika nyumba yetu hapa Uingereza leseni ya udereva ni moja, na picha iliyomo ni yangu.

Wazo lilikuwa la mke wangu, Mama Salma, ambaye mtu alimwambia kwamba familia zenye ustaarabu haziendi likizo kwa ndege, bali hupakia mizigo kwenye buti, huvuka bahari na kwenda popote moyo unapotaka. Mdogo wake wa kiume, shemeji yangu kutoka Tanga, ambaye anasoma hapa shahada ya uzamili na kulala sebuleni kwetu, aliunga mkono hoja kabla haijamalizika. Ni kijana mwenye ujuzi wa kila jambo isipokuwa kuendesha gari.

Taabu ni kwamba shemeji anatumia pasipoti ya Tanzania, na mwenye pasipoti hiyo haendi popote moyo unapotaka. Viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ni euro 90, na pamoja nayo hutakiwa taarifa za benki, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na uthibitisho wa mahali pa kulala. Tena maombi hupelekwa katika nchi ambako msafiri atakaa muda mrefu kuliko kwingine. Kwa hiyo moyo wetu ulilazimika kutoa taarifa mapema, kwa maandishi, kwamba utavutiwa zaidi na Ufaransa, na kwamba usiku fulani utalala mahali fulani, kitanda kikiwa kimeshalipiwa. Nani aliyejaza fomu hizo? Yule yule mwenye leseni.

Siku ya safari Mama Salma aliamka alfajiri akakaanga sambusa za nyama, akajaza hotipoti, na themosi mbili za chai ya maziwa. Tulipokuwa kwenye foleni ya feri pale Dover, shemeji akasoma kwenye simu kwamba tangu Uingereza ilipojitoa kwenye soko la Umoja wa Ulaya, mwanzoni mwa mwaka 2021, msafiri anayeingia kutoka huku haruhusiwi kubeba nyama wala maziwa, hata kama ni kwa matumizi yake mwenyewe. Ikabidi hotipoti nzima imalizwe kabla ya geti. Abiria wangu walitekeleza sheria ya forodha kwa bidii ambayo sijawahi kuiona katika sheria nyingine yoyote, huku mimi nikisogeza gari hatua mbili, nikikanyaga breki, na kuomba angalau moja ipitishwe mbele.

Gari letu lina usukani upande wa kulia, kama magari ya Dar es Salaam na Mombasa, ilhali ukishashuka Calais, bandari ya upande wa Ufaransa, unaendesha ukiwa upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba dereva anakaa ukingoni, karibu na mtaro, na akitaka kulipita lori hana macho ya kuona linalokuja mbele mpaka mtu wa kushoto amwambie. Mtu wangu wa kushoto alikuwa Mama Salma, na Mama Salma barabara ikinyooka hulala. Barabara kuu za Ufaransa zimenyooka sana.

Kibanda cha malipo nacho kiko kushoto. Unachukua tiketi unapoingia, unalipa unapotoka kulingana na umbali, na kizuizi hakinyanyuki kwa huruma. Nikawa nafungua mkanda, namrukia mke wangu aliyelala, nanyoosha mkono dirishani mpaka bega linalia, na nyuma yetu honi zinaanza. Shemeji, ambaye alikaa upande huo huo wa kushoto, kwenye kiti cha nyuma, dirisha lake likiwa wazi na mkono wake mrefu ukipunga upepo, aliniarifu kwa upole: "Shemeji, nadhani hao wanatupigia sisi."

Mama Salma alipoamka na kuona risiti, akaamua kwamba raha ya safari iko kwenye njia ndogo. "Baba Salma, sisi tuna haraka gani?" Swali hilo linafaa kuulizwa na mtu ambaye hatakanyaga klachi. Njia ndogo za Ufaransa zilishushiwa mwendo hadi kilomita 80 kwa saa mwaka 2018, ingawa baadhi ya majimbo yamerudisha 90, na ukifika kijijini ni 50, mara nyingine 30. Kati ya kijiji na kijiji kuna kipilefti, na baada yake kipilefti kingine, kwa sababu nchi ile ina makumi ya maelfu ya vipilefti na nadhani tulipelekwa kuvikagua vyote. Vijijini, pasipo na alama, anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata akiwa mzee mwenye trekta anayechomoza kwenye kichochoro ambacho wewe ulidhani ni ua wa mtu. Abiria huviita vijiji hivyo vya kupendeza. Mimi nilikuwa natazama vichochoro.

Halafu tukifika mahali pa kula ni saa nane na robo, na jiko limefungwa saa nane. Hilo ndilo jambo lililonichosha kuliko yote: nchi inayowafundisha watu kusafiri bila haraka inakutaka uwahi chakula cha mchana kwa dakika. Tulikula mikate mikavu tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa kanisa, na shemeji akazikumbuka zile sambusa kwa sauti.

Huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, tuliingia katika Barabara ya Mvinyo, iliyozinduliwa mwaka 1953, yenye urefu wa kilomita zipatazo 170 kutoka Marlenheim hadi Thann. Sisi mvinyo hatunywi. Mama Salma alieleza kwamba tumefuata nyumba. Ni kweli nyumba ni nzuri, zenye mbao zilizopishana ukutani na maua kwenye kila dirisha, na pale Eguisheim mitaa imezunguka duara ndani ya duara. Hayo yote nilisimuliwa, maana gari huachwa nje ya kijiji kwa kulipia, na mimi nilibaki nagombana na mashine iliyotaka sarafu. Juu ya mapaa kulikuwa na korongo weupe. Wote walishuka kuwapiga picha, ingawa ndege wa aina hiyo hiyo hufika Tanzania kila mwaka bila mtu kuwaombea viza.

Ujerumani nitaipita haraka, kama ilivyonipita yenyewe. Barabara kuu ni bure kwa magari madogo, na choo cha kituo cha mapumziko kina geti la malipo.

Uswisi wao huuza stika ya barabara kuu kwa faranga 40, nayo ni ya mwaka mzima. Ukivuka nchi kwa mchana mmoja ni hiyo hiyo ya mwaka. Nilimwambia Mama Salma kwamba kwa bei ile tungehamia. Kisha tukakutana na foleni ya handaki la Gotthard, lenye karibu kilomita 17, lililofunguliwa mwaka 1980, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na likizo za kiangazi foleni yake hufika kilomita kadhaa. Shemeji akashauri tupite juu ya mlima, kwenye mita 2,106, tuone mandhari. Tukapanda. Kila kona kali gari zima lilikuwa likipiga kelele: "Baba, tazama! Tazama bonde! Tazama theluji!" Nikatazama bampa la karavani lenye namba za Uholanzi, maana ukitazama bonde mahali kama pale unaliingia.

Tuliporudi, majirani walikuja kutuamkia na kuona picha. Picha ni nyingi sana. Mimi nimo katika moja, kiwiko tu, kwenye kibanda cha malipo. Mama Salma akamimina chai ya maziwa, akawaambia kwamba safari ya namna ile inapumzisha mwili na akili, na shemeji, akiwa amejinyoosha kwenye kochi langu, akaongeza kwamba kwa kweli barabara za kule hazichoshi kabisa.