Wekeni mfano kando ya swali

Jumapili jioni mpwa wangu alikuja kwangu Sakina, hapa Arusha, kutumia intaneti. Yuko mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, na chuo chao kimewataka wafanyie mazoezi ya themodinamiki, somo la joto, presha na nishati, kwenye programu ya mtandaoni, alama zinahesabiwa humohumo. Saa tatu usiku nilipopita sebuleni nikamkuta anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mjomba, nimeingiza jibu lilelile mara tatu. Jedwali linasema ni sahihi, programu inasema si sahihi."

Swali lenyewe: geji ya boila, ile saa ya kupimia presha, inasoma kilopaskali 700, maji humo ndani yanachemka kwa nyuzi ngapi? Alifungua jedwali la mvuke, linaloonyesha kwa kila presha maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, akashuka kwa kidole mpaka 700, akakuta nyuzi 165, akajaza. Kisanduku kikawa chekundu. Chini yake maneno matatu tu: si sahihi, rudia.

Mimi ni fundi wa maboila, kosa nililiona palepale. Geji haihesabu hewa iliyotuzunguka. Boila likiwa limepoa na liko wazi, mshale unalala kwenye sifuri, ingawa hewa imo ndani na inasukuma. Jedwali la mvuke lenyewe linaanza kuhesabu kwenye utupu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kugusa jedwali unaongeza presha ya hewa, kama kilopaskali 101 kwa mtu aliye usawa wa bahari, unapata 801, na jibu linakuwa nyuzi 170 na nusu. Hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni kama 86 tu. Ndiyo maana maji yetu ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95, na maharage ya Arusha yanataka subira.

Kilichoniudhi ni kwamba maelezo hayo yamo kwenye programu ileile. Upo mfano mzima wa geji na presha halisi, yaani ya geji ukijumlisha na ya hewa, umekokotolewa vizuri. Ila kuufikia unatoka kwenye swali, unarudi kwenye sura, unafungua ukurasa wa mifano, unateremka mpaka wa nne. Ukirudi, swali limebadilika namba, 700 imekuwa 450, na umeshakatwa nafasi moja ya kujaribu. Mtoto anaadhibiwa kwa kwenda kusoma! Baada ya kuchomwa mara mbili akaacha kabisa kufungua mifano, akawa anabahatisha.

Najua hoja ya upande wa pili: mfano ukiwa karibu, wanafunzi watanakili. Wapo watakaonakili, sikatai. Lakini tangu mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, wakiwa Australia, walionyesha kwa maswali ya aljebra kwamba wanaoanza, wakisoma mfano uliokokotolewa kisha wakafanya swali linalofanana nao, wanatumia muda mfupi na wanakosea kidogo kuliko wanaopewa maswali matupu. Aliyekwisha kuiva haumsaidii sana, huyo afunge dirisha aendelee.

Halafu mifano yenyewe. Usiku ule tulisoma kumi na mbili, na karibu yote inaruka mahali palepale: "Kutoka kwenye jedwali, h = 2,763." Hiyo h ni entalpi, nishati iliyobebwa na kila kilo ya mvuke. Lakini jedwali lipi? Ule mvuke ndio kwanza umetoka kwenye maji, au umepashwa zaidi ya nyuzi za kuchemka? Ulijuaje? Kugawanya na kuzidisha kikokotoo kinafanya. Kazi ya themodinamiki ni kuamua maji yako yako katika hali gani kabla hujafungua ukurasa wa jedwali, na uamuzi huo ndio wanaouficha. Mwandishi anaujua kwa mazoea, hauoni tena kama ni hatua. Mwanafunzi anaona namba imeshuka kutoka mbinguni, anaikariri, na swali likigeuzwa kidogo hana pa kushika. Sentensi moja ingetosha: presha ni hii, kwa presha hii maji yanachemka kwa nyuzi hizi, mvuke wetu una nyuzi zaidi ya hizo, kwa hiyo tunakwenda jedwali la pili, la mvuke uliopashwa zaidi. Jamani, sentensi moja!

Kwenye simu ni balaa zaidi, jedwali linakatika katikati ya safu. Wengi wa darasa lake wanatumia simu.

Wahadhiri mnaochagua programu hizi, nawaomba kwa moyo wangu wote: kabla hamjawapa vijana, kaeni mfanye maswali matano wenyewe, kwa simu, kwa bando la kununua. Koseeni makusudi. Muone mnachoambiwa mkikosea, na mfano mnaufikia kwa kubonyeza mara ngapi.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaingia naye chumba cha boila. Lilikuwa limezimwa kwa ukaguzi, mlango wa chini uko wazi, geji inasoma sifuri. Akaingiza mkono ndani, akautazama mshale, kimya.

"Kwa hiyo sifuri yake ni hewa ya hapa?"

"Ndiyo, mama. Ya hapa Arusha."

Akatoa daftari, akaandika 700 + 86, akaanza kutafuta mstari wake kwenye jedwali.