Sumukuvu ya mahindi: shamba kwanza au ghala?

Mwaka 2004 sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, wengi wakiwa Makueni na Kitui. Kwa watafiti wa vyuo vya Nairobi ubishi haujaisha: nguvu ziende shambani au ghalani?

Wa shambani wana hoja nzito. Kuvu ya Aspergillus flavus huingia kwenye punje mahindi yakiwa bado kwenye bua, hasa mvua ikikatika punje zinapojaa, au viwavi wakitoboa gunzi. Sumu ikishaingia, kuanika hakuitoi, wala kusonga ugali. Hapo ndipo Aflasafe KE01 inapofaa. Ni mtama uliokaangwa usiote, ukapakwa aina nne za kuvu hiyohiyo, za humu nchini, zisizotengeneza sumu. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kuchanua, ili zitangulie kukalia nafasi ya zile zenye sumu. Lakini zinahitaji udongo wenye unyevu ndipo ziote. Ukipalilia baada ya kumwaga, unazifukia. Na msimu wa ukame, sumu inapozidi, ndio msimu zinapoota kwa shida.

Kuna pia hofu ya kisayansi. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa kuvu hii huweza kujamiiana, kwa hiyo kuchanganyika kwa aina hizi za Aflasafe na zile zenye sumu si jambo la kupuuza. Kwangu hiyo si sababu ya kuisimamisha Aflasafe. Ni sababu ya vyuo kupima udongo wa mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka.

Wa ghalani wanadai unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, mahindi yaanikwe juu ya turubai, magunia yasiguse sakafu. Ni kweli, na ni rahisi. Tatizo ni kupima. Wengi hutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi isiponata, huweka ghalani. Kipimo hicho hunasa unyevu unaozidi asilimia 15 tu, kwa hiyo mahindi "makavu" bado yanaweza kuota kuvu. Yaendelee kuanikwa.

Naegemea ghala, kwa kuwa mavuno ya shamba lililotunzwa vizuri huharibiwa na gunia moja bichi. Ila pande zote mbili zinategemea sampuli. Kiwango cha juu cha sumu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, na sumu hujikusanya katika punje chache, hivyo konzi moja ya juu ya gunia hudanganya. Chota juu, katikati na chini ya magunia mengi, saga yote pamoja, ndipo upime.