Mabilioni ya hakimiliki na kitabu cha Kiswahili

Mwaka 2025 kampuni ya akili unde ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 ili kumaliza kesi ya waandishi wa vitabu. Ni kama dola 3,000 kwa kitabu, kwa vitabu karibu laki tano vilivyopakuliwa kutoka maktaba za uharamia mtandaoni. Wengi walishangilia wakiamini kwamba mahakama imesema kufundisha akili unde kwa vitabu vya watu ni wizi. Haikusema hivyo. Juni mwaka huohuo Jaji William Alsup aliamua kwamba kuifundisha modeli, yaani programu ya akili unde, kwa vitabu kunaingia ndani ya kanuni ya matumizi ya haki, ile inayoruhusu kazi ya mtu itumike bila ruhusa yake kwa masharti fulani. Kilichoiponza kampuni ni kuchukua nakala za wizi na kujiwekea maktaba.

Siku mbili baadaye, katika mahakama hiyohiyo ya shirikisho kaskazini mwa California, Jaji Vince Chhabria aliamua kesi kama hiyo dhidi ya Meta, kampuni yenye Facebook. Alsup alikuwa amesema malalamiko ya waandishi hayana tofauti na kulalamika kwamba watoto wa shule wakifundishwa kuandika vizuri, vitabu shindani vitaongezeka. Chhabria aliukataa mfano huo. Kumfundisha mtoto kuandika hakumpi mtu mmoja uwezo wa kumwaga sokoni vitabu visivyo na idadi kwa jasho dogo, kama modeli inavyompa. Hata hivyo Meta ilishinda, na sababu aliyoitoa ni kwamba waandishi hawakuleta ushahidi wa kutosha kuwa soko lao linaharibika.

Kwangu hoja ya Chhabria ni nzito zaidi, kwa sababu hakimiliki tangu mwanzo ililinda riziki ya mtunzi. Lakini Alsup naye hapuuziki. Sheria haijawahi kumpa mtu miliki ya mtindo, wazo au mahadhi, na tukianza kudai ruhusa kwa kila usomaji, wa kwanza kuumia hatakuwa tajiri.

Turudi kwenye fedha. Ili kitabu kiingie kwenye fidia hiyo kilipaswa kuwa na namba ya ISBN au ya Amazon, na kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ndani ya miaka mitano tangu kichapishwe. Mwandishi wa riwaya aliyechapishwa Dar es Salaam au Nairobi anasajilije kitabu Washington, na kwa nini angefikiria kufanya hivyo? Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema ulinzi wa kazi hautegemei usajili. Kweli, mgeni anaweza kushtaki Marekani bila kusajili. Ila bila usajili hapati fidia ile iliyopangwa na sheria, inayoweza kufika dola 150,000 kwa kazi moja, na bila tishio la fidia hiyo hakuna kampuni ambayo ingekaa mezani na mabilioni. Atabaki kuthibitisha hasara yake halisi, na kwa kitabu kilichouza nakala chache, hasara hiyo haitalipa hata wakili.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kuikaza hakimiliki. Hapo ndipo kisa cha JW300 kinapotibua mambo. Huu ulikuwa mkusanyo wa matini sambamba, yaani maandishi yaleyale yaliyotafsiriwa, katika lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwemo, uliotolewa mwaka 2019 kutoka tovuti ya Mashahidi wa Yehova. Kwa lugha nyingi za Afrika haukuwa na mbadala, na watafiti wa Masakhane, mtandao unaoshughulikia teknolojia ya lugha za Afrika, waliutegemea kujenga mifumo ya tafsiri. Baadaye ikabainika kwamba masharti ya tovuti yanakataza matini yake kuchimbwa, yaani kukusanywa na kuchambuliwa kwa wingi kwa kompyuta. Ruhusa iliombwa, ikanyimwa, mkusanyo ukaondolewa. Kampuni kubwa ikikamatwa hulipa na kazi ikaendelea, ilhali mtafiti wa chuo huacha.

Kinyume cha mlango huo uliofungwa ni mradi wa Common Voice wa Mozilla. Watu wamejitolea sauti zao za Kiswahili, nazo zimewekwa huru kwa yeyote. Mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuzichukua, na kampuni tajiri kuliko zote duniani vilevile, bila kudaiwa hata senti. Katikati ipo leseni ya Nwulite Obodo, iliyobuniwa na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, na wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi: watumiaji wa Afrika na nchi nyingine zinazoendelea wanaruhusiwa bila malipo, walio nje wanapaswa kurudisha manufaa kwa jamii yenye data. Wazo ni zuri. Shaka yangu iko kwenye utekelezaji, maana data ikishaingia ndani ya modeli haionekani tena kwa macho, na kampuni ya nje haikosi wakala Nairobi wa kuichukulia.

Ningeanzia kwenye kile ambacho Umoja wa Ulaya ulifanya mwaka 2019: taasisi za utafiti na za urithi wa utamaduni zinaweza kuchimba matini ambazo zimezipata kihalali, na mkataba wowote unaozizuia hauna nguvu. Sharti kama lile la JW300 lingeanguka hapo. Kuna hatari ya chuo kugeuzwa kichaka, data ikusanywe kwa jina la utafiti kisha ihamie kwenye biashara, kwa hiyo ruhusa lazima ikome pale modeli inapoanza kuuzwa, na kuanzia hapo mrabaha udaiwe. Nani ataudai? Vyama vya kukusanya mirabaha, chini ya usimamizi wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, vinajua kudai fedha za muziki unaopigwa redioni na kwenye kumbi. Za kitabu kilichomezwa na modeli iliyoko California zitahitaji kwanza sheria inayomlazimisha mwenye modeli kutaja alichoilisha.